Wifi na Siku Zake Nyingine

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi mdomo wake ulikuwa mahali pa kuhifadhia pini. Sisemi hivi kumsengenya. Kumsengenya nimeshamsengenya vya kutosha, tena mbele yake. Alipoolewa na kaka yangu nilimwambia waziwazi kwamba ameniibia kaka, naye akanijibu kwamba kama nilimpenda hivyo ningemfundisha kukunja nguo zake. Tangu siku hiyo tukaelewana.

Nyumba zetu zimepakana. Mimi ni msusi, nasuka barazani kwangu. Yeye anashona barazani kwake, na katikati kuna ukuta mfupi usiozuia neno. Kwa hiyo baada ya kaka yangu kufariki nilimsikia vizuri jinsi anavyoishi. Zipu, upindo, mapazia. Mteja anakuja, anapimwa, anakwenda zake. Wengi walimpenda, na wakati wa kuondoka walimwambia, "Fundi, karibu nyumbani siku moja." Hapo wifi alikuwa na hila yake. Akimwona mtu anakaribia kumkaribisha, anachota pini kwenye kikopo, anazibana midomoni, kisha anajibu kwa pembe ya mdomo: "Asante, siku nyingine." Nani atambembeleza mtu mwenye pini mdomoni?

Sebuleni kwake viti vilifunikwa mashuka tangu msiba. Chakula alikula wima, sahani juu ya meza ya cherehani, huku akichunga mchuzi usidondokee kitambaa cha watu.

Mtoto wake ni mmoja tu, binti, aliyeolewa mbali. Alipokuja likizo akayaona mashuka yale, hakumwambia mama yake kitu. Alikuja kwangu akalia mpaka mteja wangu naye akaanza kulia bila kujua kisa. Kesho yake akatuketisha wawili.

"Mama, nakuhamishia kwangu."

"Na cherehani?"

"Hakuna pa kuiweka, mama. Kwetu ni vyumba viwili tu."

"Basi sihami."

"Utabaki hapa na nani? Unaishi kama mlinzi wa ghala!"

Nikaona yanaelekea kubaya, nikaingilia. Nikasema apewe muda. Binti akafikiri, akakubali kwa sharti lake.

"Kila wiki, karibu moja. Mtu akikwambia karibu, unakwenda. Mara moja tu kwa wiki, mama, sikutumi mwezini. Likizo ijayo nikirudi nikakuta mashuka bado yako kwenye viti, unafunga mizigo."

"Karibu za watu ni za mdomoni," wifi akasema.

"Basi nenda ukahakikishe."

Nilicheka, lakini moyoni sikuwa na kicheko. Wifi akiondoka, ule ukuta ningebaki nazungumza nao peke yangu. Kaka nilikuwa nimeshamzika. Sikutaka na nyumba yake ifungwe kufuli ubavuni mwangu.

Wa kwanza alikuwa mke wa seremala, anayekaa ng'ambo ya barabara. Huyu alikuwa akimkaribisha wifi chai tangu seremala ana nywele. Siku hiyo wifi alivuka barabara, akapiga hodi, akasema, "Nimekuja kunywa ile chai." Maskini mama wa watu! Alipigwa na butwaa, akamkalisha, kisha akatokea mlango wa nyuma akaja mbio kwangu bila viatu.

"Jirani, nipe sukari, upesi! Fundi amekuja!"

"Si ulimkaribisha mwenyewe?"

"Nilimkaribisha ndiyo, lakini sikujua kama atakuja!"

Wifi alirudi jua linazama, akaniambia chai ilikuwa na sukari nyingi mno. Nikajua sukari yangu imekwisha yote, wala sikusikitika.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa mwalimu mstaafu, ambaye kila mara huleta suruali ileile, leo ipanuliwe, kesho ipunguzwe. Mwalimu anafuga njiwa. Akampa mmoja amshike. Wifi alirudi na unyoya begani na macho yanang'aa, akaniita ukutani. "Wifi, moyo wa njiwa unakwenda mbio kuliko cherehani yangu!" Sikuwa nimemsikia akianza mazungumzo yeye mwenyewe tangu kaka yangu afariki. Nilisuka vibaya siku nzima kwa furaha, na mteja wangu akaondoka na mistari imepinda.

Kisha nesi wa zahanati akamchukua kwenye matembezi ya asubuhi na wenzake. Njiani ukanda wa kiatu chake ukakatika. Wifi akaketi ukingoni mwa barabara, akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni, akashona kiatu, akasimama akaendelea. Wale wanawake mpaka leo wanamwita Gereji.

Yangeenda hivyo tungefika salama. Lakini akaja mama mmoja mwenye nyumba kubwa, aliyekuwa ameshonewa nguo za harusi ya mwanawe akazipenda mno. "Fundi, njoo kwangu Jumamosi tukae." Wifi akavaa gauni lake zuri, akajipaka manukato, nikamsuka mimi mwenyewe. Alirudi jioni akapitiliza ndani bila kuniita ukutani. Kumbe alipofika tu, mwenyeji alimpokea kwa kumwambia, "Afadhali umekuja, yale mapazia yanaburuta chini." Akakalishwa kwenye cherehani ya mle ndani hadi jioni. Hata maji hakupewa.

Asubuhi pini zilikuwa zimerudi mdomoni.

"Nilisema ni za mdomoni tu," alinijibu nilipomwita ukutani, na baada ya hapo hakuniitikia tena. Wiki hiyo hakwenda popote, na iliyofuata vilevile. Likizo ya binti ikawa inakaribia. Nilianza kumchukia yule mama wa mapazia kwa nguvu zangu zote, na mimi chuki huwa ninaimudu.

Aliyetuokoa alikuwa mke wa seremala. Alivuka barabara na pazia mkononi, akaliweka mbele ya wifi. Wifi akaligeuza huku na huku.

"Mbona halina tatizo?"

"Najua."

"Sasa umelileta la nini?"

"Nimekosa sababu nyingine ya kuja. Umetutupa, Fundi. Ile siku ya chai nilicheka, sijacheka hivyo siku nyingi."

Niliacha kusuka. Wifi alichomoa pini moja, ya pili, ya tatu, akazirudisha koponi. Akampisha yule mama kwenye kiti chake cha kushonea, akakaa chini.

Jioni hiyo aliniita tukatoe mashuka. Tulipolifunua lile la mwisho, kiti cha kaka yangu kilikuwa bado kimebonyea pale alipokuwa akiegemeza kichwa. Tulilia, siwezi kudanganya. Kisha wifi akajifuta machoni kwa shuka lenyewe, akakaa kwenye kile kiti, akasema, "Nimekula kwa watu. Sasa zamu yangu."

Siku ya kuja binti ilikuwa Jumapili. Wiki nzima wifi aliwakaribisha watu chakula cha mchana: seremala na mkewe, mwalimu, nesi na wenzake. Kila mmoja akasema asante. Tukapika wali na kuku, tukapanga sahani, tukangoja. Hakuna aliyekuja. Nilichungulia barabarani mpaka shingo ikauma. Aliyetokea alikuwa binti, na begi kubwa, akakuta viti vimepangwa vitupu na chakula kimefunikwa. Akamtazama mama yake kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonitisha.

Wifi alitoka hadi barabarani. Mke wa seremala alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake.

"Jirani, chakula kinapoa."

"Oh, Fundi, asante sana. Siku nyingine."

Nilifumba macho. Wifi yangu, aliyelitumia neno hilo maisha yake yote, alikuwa anajua fika lina nini ndani yake.

"Siku nyingine ndiyo leo," akasema. "Weka huo ufagio. Mwite na mumeo."

Akapita nyumba hadi nyumba, anagonga kwa kiganja. Walikuja kama walivyokuwa: seremala na vumbi la mbao nyusini, mwalimu na ile suruali, nesi na wenzake wakiita "Gereji!" tangu nje. Sebule ikajaa mpaka mlangoni. Wote walikuwa wamedhani karibu ya Fundi ni karibu tu, kama zao.

Binti alisimama na sahani, akizungusha macho kutafuta pa kukaa. Hapakuwapo. Hata kigoda cha cherehani kilikuwa na mtu. Akakalia begi lake, nalo likabonyea chini yake mpaka sakafuni, maana halikuwa na kitu ndani. Alilileta kwa ajili ya nguo za mama yake.

Tulicheka wote, na yeye akacheka kutuzidi, machozi yakimtiririka. Nami palepale, mchuzi vidoleni, nilimshukuru Mungu kwa begi tupu.