Gemu Yako Haina Msiba

Kuna siku moja ya machimboni haijanitoka kichwani, Marwa mwanangu, na jana umeniamshia upya. Kaa chini. Simu weka pembeni. Shikamoo yako nimeipokea, lakini chai hupati mpaka nimalize.

Jana ulinifungulia hiyo gemu uliyoitengeneza kule Mugumu, unayotaka kuipeleka Mwanza kwenye mashindano Ijumaa. Ukasema, "Shangazi, cheza, hii ni habari ya machimbo yetu." Ukanishikisha kipanya cha kompyuta polepole, ukidhani mama wa shamba la mahindi hajui mambo haya. Mimi nimecheza gemu za namna hii kabla hujazaliwa, mura!

Wakati ule wa dhahabu nilikuwa binti, nauza chakula machimboni, na baba yako Chacha, kaka yangu, alikuwa anashuka duarani, kwenye shimo la kuchimbia. Vijana wa kijijini kwetu Susuni tulikwenda karibu wote, mashamba tukawaachia wazee. Akaja Fundi Swalehe, yule wa redio kutoka Tarime mjini, na kompyuta na jenereta, akafunga kwenye banda la mabati. Gemu aliipata kwa Wakenya, pale mpakani Sirari. Unatengeneza mtu wako, unampa jina, unamtembeza mji hadi mji, anaongea na watu, anapata wenzake wa safari. Maandishi yote Kiingereza. Swalehe alitusomea kwa Kiswahili, sisi tukamwambia la kujibu, na kila mtu alikuwa na lake la kusema.

Basi siku hiyo baba yako amekaa mbele. Mtu wake na wenzake wakaingia pangoni, wakapigana, mwenzao mmoja akafa. Baba yako hata hakumwangalia. Mlango wa hazina ulikuwa unaonekana mbele, akabofya waende. Hawakusogea. Akabofya tena. Wapi!

"Fundi, mbona hawatembei? Kompyuta imekufa?"

"Kompyuta nzima," Swalehe akamjibu. "Wanasema mwenzao hajazikwa."

"Waambie kuna hazina!"

"Wameambiwa. Wamekaa chini."

Tulicheka mpaka machozi. Baba yako akapiga meza kwa hasira. Mzee Nyamhanga, mkuu wa duara letu, alikuwa amesimama nyuma yetu na tope lake, na yeye hakucheka hata kidogo.

"Wewe Chacha! Mtu amekufa mkiwa pamoja, unataka kumruka? Nani atatembea na wewe tena? Mrudishe kwao!"

Baba yako akageuza mtu wake, wakambeba mwenzao njia yote ile waliyotoka, bila hazina, mpaka kwa mama yake. Swalehe akatusomea maneno ya yule mama. Nilimwona baba yako akijifuta uso kwa kiganja. Kisha akasema, "Hii gemu ina watu ndani." Sijasikia sifa ya gemu iliyozidi hiyo.

Masika yaliyofuata, duara likamfukia. Wewe ulikuwa tumboni kwa mama yako. Alivyokufa uliambiwa. Naona hukuambiwa waliobaki walifanya nini, na hilo ni kosa letu.

Sheria yetu machimboni ilikuwa moja: mtu akifukiwa, hakuna nyundo inayogonga jiwe popote mpaka atolewe. Mlima mzima ulinyamaza. Wale wa duara la jirani walikuwa wamegombana na baba yako juu ya mpaka hadi wakashikiana mapanga, na siku hiyo walikuwa wameukuta mwamba wenye mali. Waliuacha. Wakaja na makoleo. Swalehe akaleta jenereta lake tuvute maji. Mzee Nyamhanga akafukua kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Na tulipompeleka Susuni kuzikwa, waliobeba jeneza walikuwa haohao waliomshikia mapanga.

Sasa wewe! Kwenye gemu yako duara linafukia, mtu amelala pale, na amevaa shati la mistari. Nililitambua. Ni la kwenye ile picha iliyo sebuleni kwangu. Nikambofya, akatoa dhahabu, pointi zikapanda, ukapigwa muziki wa harusi. Nikarudi kambini, wote wananiambia, "Karibu, shujaa!" Shujaa wa nini? Nimemsachi kaka yangu mfukoni, Marwa, na hakuna hata mtu mmoja aliyeacha kugonga jiwe!

Na usirudie kuniambia "Shangazi, ni gemu tu." Kama ni gemu tu, shati la baba yako linatafuta nini humo? Najua ulimweka kwa upendo. Ndiyo maana naumia, ningejua ni dharau ningekufukuza tu.

Picha zako ni nzuri, hata vumbi umelipatia. Lakini gemu ya kuwa mtu mwingine haiwi nzuri kwa vumbi. Inakuwa nzuri pale watu wa humo wanapokuwa na akili zao, wakakumbuka ulichowatendea jana, wakaweza kukukatalia. Nikimwibia mtu, mji ujue. Nikitaka kumruka maiti niache niruke, lakini nikifika kambini pasiwe na wa kunipa hata maji. Ukinipa kuchagua na kisha kila njia inanipeleka kwenye dhahabu ileile, hujanipa kitu, umenidanganya.

Ijumaa usiende Mwanza. Mashindano yatakuja mengine, baba ulikuwa naye mmoja. Rudi Mugumu, uzime ule muziki, unyamazishe mlima, uwalete wale majirani na makoleo yao.

Haya, kunywa chai, isipoe. Mungu akulinde, mwanangu, akupe macho na mikono ya kuifanya kazi hii, na ukiwa na watoto usiwafiche kitu. Siku ukiileta tena nitashika kipanya mimi mwenyewe. Nitambeba mpaka Susuni.