Ng'ombe aliyezalia kwenye merry-go-round, huku Kitengela

Salamu wakuu. Nimeshuhudia ng'ombe akizaa katikati ya farasi wa fiberglass, na sakafu ikizunguka. Picha niko nazo lakini mwenye ng'ombe alinikataza kuziweka hapa. Mengine nawaambia vile niliyaona, bila chumvi.

Nirudi nyuma kidogo.

Mimi napanga Kitengela, na Jumamosi nikiwa off huwa natembea. Ukiacha barabara ya Namanga uingie nyikani, kuna amusement park ilifungwa kitambo. Jina sitaji. Ukuta wake ulianguka upande mmoja, na ng'ombe wakafanya hapo gate.

Nilitarajia kichaka tu. Mathenge, ule mti wa miiba, imefunga kweli, lakini ndani yake kuna njia nyembamba, safi kama zimefagiwa. Ni kwato zimezichonga. Kila njia inaishia kwenye mchezo fulani, kwa sababu hapo ndipo kuna kivuli.

Moja inapita chini ya gurudumu kubwa. Nyingine inashuka hadi swimming pool, ambayo siku hizi ni dam ya mifugo, na bata maji wanaogelea. Kwenye train ya watoto, mgunga umeota ndani ya behewa, ukatoboa paa na kuliinua behewa kutoka kwa reli.

Nilisimama hapo muda mrefu.

Ndipo nikaona mama wa Kimaasai, shuka na gumboots, ameinama akisoma nyayo.

"Supa, mama."

"Ipa. Umeona ng'ombe wangu? Mwekundu, tumbo nyeupe."

Alikuwa mtamba, mimba ya kwanza, na alikuwa amejificha azae peke yake. Jioni fisi huingia humo. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wengine wote wa huyu mama.

Kabla hajaniambia hiyo ya ukame, nilikuwa nimemuuliza yuko na ng'ombe wangapi.

"Nyinyi watu wa ploti," akasema. "Mnapima shamba, sasa mnataka kuhesabu na ng'ombe wa watu?"

Kwao mifugo haihesabiwi kwa mdomo. Nikaomba msamaha, nikamfuata.

Alinipeleka kwa water slide, ile ya bomba. Akaingiza kichwa kwenye mdomo wa chini na kumwita ng'ombe kwa wimbo wa chini chini. Sauti ilipanda ikizunguka ndani ya bomba, ikatokea juu ikiwa kubwa, kama park yote inaimba. Nilisisimka mwili.

"Hiyo ndiyo simu yetu," akasema.

Mbali kidogo, kitu kikaguna.

Tulimkuta kwenye merry-go-round, amelala ukingoni chini ya farasi waliopauka, mmoja wao ameanguka, miguu miwili ya ndama ikiwa nje. Mama akapiga magoti juu ya sakafu, akaifunga miguu ile na shuka, akanipa ncha. Mimi nilikuwa chini, nimekanyaga sementi.

"Vuta akisukuma. Asiposukuma, wewe pumzika. Usimvute kama gari imekwama, baba."

Nikavuta. Ndama hakutoka. Kilichosonga ni sakafu.

Ilianza kuzunguka polepole na farasi wote, mama na ng'ombe wakiwa juu yake, nami nikiifuata kwa miguu. Haikutoa sauti hata kidogo. Nilimsikia ng'ombe akipumua. Kwa msukumo uliofuata ndama akateleza nje, akapiga chafya.

Mama akamfuta pua na shuka. Nikatoa simu, nikapiga picha.

"Ziweke zako," akasema. "Mtoto wa leo haonyeshwi watu wengi."

Nilichojifunza: nilidhani naingia mahali palipokufa, kumbe watu na mifugo wanapatumia kila siku. Ukienda, fuata njia za ng'ombe, na usiulize ni wangapi.

Lakini kuna kitu kinanisumbua. Chuma kilichoachwa mvuani miaka hiyo yote hulia. Nilichungulia chini ya sakafu, nikagusa mhimili. Una grisi, laini, haina vumbi.

"Ni nyinyi mnapaka?"

"Sisi tunapaka ng'ombe dawa ya kupe," mama akasema. "Chuma ni ya nani?"

Anachunga humo tangu ukuta uanguke, na hajawahi kuona fundi.

Mwenye kujua ni nani hupaka hiyo grisi atuambie hapa chini, kwa sababu nilirudi Jumamosi iliyofuata. Damu ilikuwa imeoshwa kwenye sakafu, na farasi mmoja aliyekuwa ameanguka alikuwa amesimamishwa.