Fundi Chini ya Sinki la Lempi

Lempi Harju, mjane wa miaka sabini na minne, aliamka asubuhi moja ya Januari akakuta koki ya jikoni haitoi hata tone. Maji yalikuwa yameganda bombani kwa baridi kali. Akafungua kabati chini ya sinki, akalipuliza bomba kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka maji yakatiririka. Akafunga koki, akateleka kahawa.

Mara akaingia jirani yake Verner, yule aliyetangaza kanisani kwamba mabomba si kazi ya wanawake.

"Najua bomba lako limeganda. Kaa pembeni, mama, uone kazi!"

"Haya, fundi."

Verner akajilaza chini ya sinki, akawa analizungushia bomba matambara ya moto huku akitoa mawaidha. Lempi akaenda zake kuoga. Aliporudi, nywele zikichuruzika, Verner alikuwa bado anahangaika, jasho linamtoka.

"We Lempi, umeogea nini?"

"Maji ya bomba. Yanatoka tangu asubuhi."

"Na hukuniambia!"

"Kwani uliniuliza?"

Verner alikurupuka, akajigonga kichwa kwenye sinki. Lempi alimpa vikombe viwili vya kahawa kumpoza, kisha akainua simu. Kufika adhuhuri, nusu ya mji ilikuwa inacheka.