Siku Ndugu Zake Mwaisha Walipomsikia

Mwaisha Pazi, fundi cherehani wa Kilakala mjini, ameishi na kisukari miaka mingi, na miaka yote hiyo amekuwa akigombana na ndugu zake. Kila akipanda kwao Kinole anapokewa na chai tamu ya kutia kichefuchefu. Akikataa, wananuna. "Kidogo tu, dada. Kwani sukari ya siku moja itakufanya nini?" Jamani! Mtu anajidunga insulini kila siku, halafu anabembelezwa kama mtoto aliyekataa uji.

Mwaka jana uvumilivu ukamwisha. Akawakusanya wote, akawaambia sukari kwake ni sumu, na atakayempa ajue anamuua. Safari hii wakaogopa. Walimwelewa, tena mno.

Ikaja arobaini ya mjomba wao, hukohuko Kinole. Asubuhi Mwaisha akajidunga sindano yake kama kawaida, akijua chakula kitawahi. Pilau ikaiva, lakini hakuna wa kupakua: wageni wa Dumila wameharibikiwa na gari njiani, na kula kabla yao ni kuwavunjia heshima. Basi watu wakakaa. Adhuhuri ikapita. Pipi anazotembea nazo, za kumwokoa sukari ikishuka mwilini, alikuwa amezisahau mjini. Mikono ikaanza kumtetemeka, jasho likamtoka, akajua kabisa kuwa sukari imeshuka.

"Yasmin, mdogo wangu, nipe chai. Tia sukari nyingi."

Yasmin akamtazama kwa huruma. "Hapana, dada. Leo nakulinda."

"Imeshuka! Nipe sukari!"

"Msiba umemchanganya," akasema kaka yao, Sufiani. "Mpeni maji, alale."

Alale! Angelala asingeamka. Ulimi ulishakuwa mzito, maneno hayatoki sawasawa. Akajikokota hadi jikoni, akatumbukiza mkono kwenye ndoo ya sukari. Wanawake wakapiga kelele. Sufiani akamkamata mkono. Mwaisha akamng'ata, akalamba sukari kiganjani.

Alipopata nguvu aliwatukana wote, hata wageni wa Dumila ambao hawakuwapo. Yasmin akalia. "Ulisema ni sumu, dada. Sasa tutajuaje siku ya kukunyima na siku ya kukupa?"

Mwaisha alitaka kumkaripia, kisha akakumbuka. Hilo hakuwa amewaambia. Akauchukua mkono wa mdogo wake, akauweka shingoni mwake, kwenye jasho la baridi ambalo lilikuwa halijakauka. "Shika. Ukinikuta hivi, natetemeka, nipe sukari upesi. Usibishane na mimi."

Yasmin hakuutoa mkono. "Ningekuzika, dada," akasema, "na matangani ningejisifu kwamba sikukupa hata kijiko."