Makumbi Ndani ya Ndoo Nyekundu

Mwanangu, siku ile haijanitoka: nilinyanyua ndoo nyekundu ya mchanga wa kuzimia moto, nikaimwaga juu ya karai lililokuwa likiwaka, na badala ya mchanga yakatoka makumbi ya nazi. Makumbi makavu! Moto ukayapokea kama mgeni aliyesubiriwa, ukaruka mpaka darini. Mwenzangu Bakari alikuwa upande wa pili wa jiko. Mikono yangu hii iliyojikunja ndiyo niliyomvutia nje.

Ilikuwa Ramadhani, miaka ile ya hamsini. Mimi na Bakari, kijana wa Mkwaja, tulikuwa wapishi wa hoteli moja hapa Tanga, karibu na stesheni. Kila alasiri tulikaanga sambusa za futari. Ukutani zilining'inia ndoo za mchanga, maana mafuta yakishika moto huyamwagii maji; yanakurukia. Lakini msimamizi wetu, Salehe, aliuona mchanga ule mali ya bure. Waosha vyombo waliusugulia masufuria, naye mwenyewe akiuchota kukaangia korosho za kuwauzia wasafiri.

Bakari alikuwa mtu wa mzaha. Siku moja akazigonga ndoo, zikalia tupu.

"Bwana Salehe, hata ndoo zimefunga? Sisi magharibi tunafungua. Hizi utazifuturisha lini?"

"Kaanga sambusa zako, yakhe. Mkaguzi akija atazikuta zimeshiba."

Na kweli alizikuta zimeshiba. Siku ya ukaguzi nilimwona Salehe akiingia na gunia la makumbi. Nikadhani ya kuwashia jiko. Kumbe kayashindilia ndooni, juu katandaza mchanga wa kufunika macho. Mkaguzi, Bwana Hemedi, alisimama mlangoni, akazisifu ndoo kwa rangi, akaenda zake na sambusa za kufuturia zimefungwa kwenye gazeti. Mkono hakuutia hata katika ndoo moja. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Yeye aliishia mlangoni.

Kesho yake mafuta yalifurika yakashika moto. Yaliyofuata nimekwisha kukueleza.

Bakari hakuiona Idi. Mazikoni Salehe alikuwa wa kwanza kushika jeneza, akisema, "Ajali haina kinga." Mwanangu, kinga ilikuwapo. Yeye aliikaangia korosho.

Basi wewe unayesimama leo mbele ya jiko la watu, nakuusia: usiridhike na wekundu wa ndoo. Tia mkono mpaka chini, uguse kama mchanga upo na kama umekauka, maana uliolowa ni maji yaleyale. Kifuniko cha karai kiwe ubavuni pako, si stoo. Akija mtu kuuchota mchanga kwa sufuria, gombana naye. Heri kuitwa mkorofi kuliko kuitwa marehemu. Na mkaguzi akisimama mlangoni, mkaribishe ndani, umwekee ndoo miguuni.

Mungu akuepushe na moto wa dunia na wa akhera, akuzeeshe na mikono yako mizima.

Lakini mimi sijamaliza. Salehe yu hai, kila jioni yuko barazani kule Ngamiani, vijana wanampa shikamoo. Mama yake Bakari naye yu hai, Mkwaja, na mpaka leo anaambiwa ilikuwa ajali. Panda gari, Salehe. Nenda ukamwambie kwa kinywa chako nani alijaza makumbi. Na Hemedi mchukue, akamweleze mama yule alikagua nini.