Cheti Kimoja, Majina Mawili

Baba yangu hapendi kusikia neno cheti, na simlaumu. Alifundisha hesabu kwenye shule moja ya msingi huko Kalenga mpaka walipopita watu wa uhakiki, wakagundua kwamba cheti cha kidato cha nne alichoombea ualimu kilikuwa cha kaka yake aliyefariki. Ni kweli, kilikuwa cha marehemu. Baba alikopa cheti, akakopa na jina, na kwa jina hilo akawafundisha nusu ya watu wazima wa kijiji kile kugawanya namba. Asubuhi alipewa barua, mchana si mwalimu tena. Hakuna hata mmoja wa wale wahakiki aliyeingia darasani kumtazama akifundisha. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku hizi anatengeneza madawati Mafinga, kwa jina lake la kuzaliwa. Mimi naishi Iyunga, kazi yangu ni kutengeneza tovuti, nikamtengenezea na yeye ya kwake. Niliisajilia majina mawili ya kuifungulia mtandaoni: moja lake, la pili la marehemu, maana wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa ndio wamo kwenye kamati za shule, hawamjui kwa jina jingine. Yote mawili yalifungua ukurasa uleule.

Kisha mkuu wa shule mmoja wa Iringa akaufungua ukurasa huo kwenye simu ili aagize madawati, akakuta juu kabisa maneno mawili: Si salama. Akampigia baba na kumwambia, kwa heshima zote, kwamba wanasitisha kwanza. Baba naye akanipigia mimi.

"Mwanangu, ifunge hiyo tovuti. Wameshaanza tena."

Nilikwenda Mafinga na kompyuta yangu. Nikamweleza kwamba simu zinataka kila tovuti iwe na cheti, ili mteja ajue amefika kwake kweli na si kwa tapeli. Wapo wanaovitoa bure. Kazi yangu ni kuweka programu kwenye seva, ile kompyuta inayobeba tovuti, halafu inakiomba yenyewe.

"Bure?"

"Bure, baba."

"Cheti cha bure si ndo feki chenyewe? Unataka wanifukuze na huku?"

Mtu mwingine angecheka. Mimi nilikaa juu ya mbao zake, nikaanza kazi. Programu iliuliza barua pepe, kisha ikauliza cheti kiandikwe kwa majina gani. Nikaandika yote mawili, nikatia mkato katikati. Nikamwambia kinachofuata: programu itaweka faili dogo ndani ya tovuti, na wanaotoa cheti watakuja kuliangalia. Wakilikuta, wameridhika kwamba mahali hapo ni pake.

"Wanakuja kabisa kuangalia?"

"Wanakuja."

"Wale hawakuja kuangalia," akasema.

Akafuta vumbi la mbao kwenye miwani, akainama kusoma.

"Haya majina mawili ni kwenye cheti kimoja?"

"Ndiyo. Inaruhusiwa."

"Na wao wanajua mwenyewe ni mmoja?"

"Wanajua, baba. Wala hawana shida."

Nilitamani acheke. Nilitamani atukane, hata anitukane mimi. Aliendelea tu kuyatazama yale majina.

"Toa hilo la mwalimu."

"Baba, huku hakuna uhakiki wa namna ile."

"Nimesema toa."

Hiyo ilikuwa sauti yake ya darasani, na sikuwa nimeisikia tangu Kalenga. Nikalifuta. Cheti kilitoka kabla hajarudi kwenye mashine yake ya mbao, na niliacha nimeielekeza seva ikihuishe kila kinapokaribia kuisha, asije akasumbuliwa tena. Yule mkuu wa shule ameagiza. Baba sasa ni mtu salama, simu imesema, na nina hasira ambayo sijui nimpelekee nani.

Jina la marehemu bado nalilipia bila baba kujua. Linaelekea kwenye ukurasa uleule, ila halina cheti. Mwanafunzi wake wa zamani akimtafuta mwalimu wake atakutana na onyo, na sijui wangapi wameishia hapo hapo. Mimi nikiliandika, simu inanizuia vilevile na kunionya kwamba huyu si salama. Nabonyeza endelea.