Mkia wa Kondoo wa Bonga

Jumapili ile Hilaria alikuwa ameketi kizingitini, anafunga kamba za raba zake nyeupe za mtumba.

"Baba Vailet, simama basi. Misa imekwisha, jua linapanda, na Bonga haitatufuata hapa Bagara."

Mumewe, Theodori, hakusimama. "Siendi. Sukari yangu imeshuka. Naiacha ishuke zaidi."

"Unataka ishuke mpaka wapi? Mpaka kaburini?"

Hilaria akacheka peke yake, akatwaa mkoba, akashika barabara ya Dodoma. Tangu waianze safari ile miaka mitatu nyuma, alikuwa hajawahi kuiendea peke yake. Hiyo ndiyo asubuhi yao ya mwisho ya kawaida. Kesho yake jioni homa ikamshika Hilaria, malaria ikampanda kichwani, na Ijumaa wakamzika.

Mgonjwa wa nyumba ile hakuwa Hilaria. Yeye alikuwa mwembamba, mwepesi wa mwendo, hana ugonjwa wa kukaa nao. Sukari ilikuwa ya Theodori. Mkoa ulipokuwa mpya na ofisi zinainuka kila kona ya Babati, yeye alifyatua tofali mpaka viganja vikawa kama magome. Hela ikaingia. Akajua chipsi, akajua soda mbili kwa mkupuo mmoja. Halafu akaanza kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, na nyayo zikawa zinawaka moto.

Muuguzi alimwambia: punguza sukari, punguza mafuta, tembea. Theodori akarudi nyumbani kama mtu aliyehukumiwa.

Hilaria hakuona darasa, lakini baba yake alikuwa katekista huko Mbulu, na hesabu za kanisa alizijua.

"Kwaresma ni siku ngapi?" akamuuliza.

"Arobaini."

"Hesabu basi, toka Jumatano ya Majivu mpaka Pasaka."

Theodori akahesabu kwa vidole, akarudia. "Zinazidi."

"Zinazidi kwa sababu Jumapili hazihesabiwi. Kanisa lenyewe linajua mtu si jiwe."

Ikawa hivyo. Ugali wa dona, kiasi cha ngumi moja. Mboga chungu ya mchunga, maharage ya ngwara ya kuchemsha, chai bila sukari. Kila alfajiri kwa miguu mpaka Sigino na kurudi. Na Jumapili moja ya mwezi, Bonga, kwa Severini mchoma nyama, kula mkia wa kondoo wenye mafuta yanayotiririka mpaka kwenye kiwiko. Sharti moja tu: kwenda kwa miguu, kurudi kwa miguu.

Hilaria mwenyewe alikula chakula kilekile cha mgonjwa. Chai ile aliinywa amekunja uso. Siku moja binti yao Vailet alimtilia kijiko cha sukari kwa siri. Mama akaonja, akaimwaga chini ya mgomba. "Nikinywa tamu mbele yake, nitamwambiaje yeye anywe chungu?"

Vijana wa stendi waliwazoea. "Bibi, mnakimbizwa na nani?"

"Na sukari! Ikitumaliza sisi inakuja kwako, na hiyo soda yako!"

Baada ya mazishi Theodori hakukaa. Akiketi, anainuka. Akilala, miguu inatafuta njia. Alikwenda Sigino asubuhi, akaenda tena jioni. Ngumi ya ugali ikawa nusu ngumi. Watu walisema ni majonzi. Majonzi yalikuwepo, ndiyo, lakini kilichomfukuza ni furushi moja la gazeti.

Jioni ya Jumapili ile ya mwisho Hilaria alirudi kutoka Bonga, raba nyekundu kwa vumbi, na kipande cha mkia kimefungwa kwenye gazeti. Akakiweka mbele ya mumewe.

"Mpe mbwa," Theodori alisema.

Hilaria alijibu neno. Theodori akajifanya hasikii. Kipande kikalala juu ya kabati, na asubuhi sisimizi walikuwa wamejaa gazeti zima.

Wiki ya tatu baada ya mazishi Theodori alianguka njiani kwenda Sigino, jasho linamtoka, mikono inatetemeka. Wapita njia wakampeleka kwa muuguzi yuleyule.

"Imeshuka mno, mzee. Ikipanda inaua, ikishuka hivi nayo inaua. Unakula?"

Vailet, aliyeitwa akaja mbio, ndiye aliyejibu. "Hali. Anatembea tu. Baba, nimezika mmoja. Unataka nizike wa pili mwezi huuhuu?"

Jumapili iliyofuata, misa ilipokwisha, Theodori alikunywa uji ambao Vailet alimpikia, akaaga. Akashika barabara ya Dodoma, polepole, akipumzika kila kivuli.

"Shikamoo, mzee," Severini alisema. "Pole sana. Habari za Mama Vailet zilitufikia zimechelewa."

"Marahaba. Tumeshapoa."

Severini hakuuliza anakula nini. Alikata mkia vipande viwili, kwa mazoea, akaweka sahani mezani. Theodori alivitazama mpaka mafuta yakaanza kuganda. Miguu chini ya meza haikutulia. Mara akainuka, akafika barabarani, akarudi, akaketi.

Mbwa mwekundu wa pale alijisogeza, akakaa kitako.

"Mzee, huli," Severini alisema. "Kama kimekushinda, nimpe huyu?" Akanyoosha mkono kwenye sahani.

Theodori aliushika ule mkono. Akachukua kipande cha kwanza, akakitia mdomoni, akatafuna taratibu. Mafuta yakamshuka kidevuni, hakuyafuta. Cha pili akakifunga kwenye gazeti kumpelekea Vailet.

"Hata mimi nilisema apewe mbwa," alisema. "Jumapili ile. Nilimsikia alivyonijibu, Severini. Nilimsikia vizuri."

"Alikujibu nini?"

"Alisema, 'Mbwa hakutembea na mimi, Baba Vailet. Wewe ndiye umetembea mwezi mzima. Kula leo, kesho tutatembea.'"